Nguo Isiyonuka Si Lazima Iwe Safi
Somo la kufua kwa familia za wachimbaji wadogo

Katika vikundi vya akina mama vya Rwamgasa swali hili huulizwa mara kwa mara: nguo imefuliwa kwa sabuni na kuanikwa, lakini ikivaliwa saa moja tu inaanza kunuka tena. Tatizo liko wapi? Somo hili linajibu swali hilo. Pia linaeleza jambo la pili ambalo ni zito zaidi kwa sisi tunaoishi kwenye machimbo: kuna uchafu usio na harufu kabisa, na huo ndio wa kuogopwa.

Kwa nini harufu hairudi nyuma

Jasho lenyewe likitoka halina harufu kali. Harufu huletwa na vijidudu (bakteria) vinavyokula jasho na mafuta ya mwili yaliyoshika kwenye nyuzi za nguo. Nguo za nailoni na poliesta, kama jezi nyingi za mitumba, hushika mafuta hayo kuliko pamba. Sabuni ikiwa nyingi na maji ya kusuuzia yakiwa kidogo, mabaki ya sabuni nayo hushikilia uchafu. Kwenye maji magumu ya visima hali huwa mbaya zaidi, kwa sababu sabuni hugeuka utando badala ya povu.

Kila harufu na dawa yake

1. *Jasho na kikwapa.* Geuza nguo ndani nje. Paka sabuni ya kipande sehemu za kwapa na kola, fikicha, kisha loweka kwa nusu saa hadi saa moja. Kijiko kikubwa kimoja cha magadi kwenye ndoo ya lita 10 hulainisha maji magumu na kusaidia kuondoa mafuta. Suuza mara mbili au tatu. Katika maji ya mwisho unaweza kutia nusu kikombe cha siki. Harufu ya siki huisha nguo ikikauka.

2. *Uvundo.* Huu hutokana na nguo kulala kwenye beseni usiku kucha au kukunjwa ikiwa mbichi. Fua upya na uanike juani mahali penye upepo, nguo zikiachana. Wakati wa mvua, fua nguo chache kwa siku kuliko kujaza kamba moja.

3. *Mkojo wa mtoto.* Suuza kwanza kwa maji baridi mapema iwezekanavyo, loweka kwenye maji yenye siki, suuza, ndipo ufue kwa sabuni.

4. *Dizeli na oili za karasha au pampu.* Anika nguo nje kwanza harufu ipungue. Paka sabuni kwenye doa kabla ya kulowesha, fikicha, fua peke yake, rudia. Usiikaushe karibu na jiko, inaweza kushika moto.

Onyo: Dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe usiichanganye kamwe na siki, ndimu, wala nepi zenye mkojo. Mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu inayoumiza mapafu.

Uchafu usionukia

Sasa tuangalie nguo za mwaloni. Mchimbaji anarudi jioni na suruali inayonuka jasho, moshi na dizeli. Mama anaifua, harufu inatoka, anaridhika. Lakini pua haiwezi kumwambia habari za vitu viwili vilivyobaki.

Cha kwanza ni vumbi la mawe yaliyosagwa. Vumbi la mawe yenye kwazi likivutwa kwa muda mrefu hutia makovu kwenye mapafu, na mapafu hayo hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi.

Cha pili ni zebaki. Zebaki ni nzito zaidi ya mara 13 kuliko maji, hivyo matone yake madogo hujificha kwenye mifuko, mishono na mapindo. Hata bila moto hugeuka polepole kuwa mvuke, na mvuke huo hauna rangi wala harufu. Mtoto aliyelala chumba kimoja na nguo hiyo anauvuta bila mtu kujua. Watoto wachanga na mimba iliyo tumboni ndio wanaoumia zaidi, kwa kuwa zebaki huharibu ubongo na mishipa ya fahamu inayokua.

Jambo hili si geni kwetu. Rwamgasa ilikuwa eneo la mradi wa kimataifa wa zebaki ulioendeshwa na shirika la UNIDO kati ya mwaka 2002 na 2007, na mwaka 2003 watafiti walipima hapa mazingira na afya za watu. Walioathirika zaidi walikuwa wale wanaochoma zebaki. Mwaka 2013 mataifa yalikubaliana Mkataba wa Minamata, ambao Tanzania imeuridhia, na mojawapo ya mambo unayotaka yakome ni kuchoma zebaki kwenye makazi ya watu.

Kanuni za kufuata nyumbani

- Nguo za kazi zivuliwe kabla ya kuingia ndani. Ziwekwe kwenye mfuko uliofungwa, nje, si kwenye msumari wa chumba cha kulala.
- Zisikung'utwe zikiwa kavu. Zilowesheni kwanza, vumbi lisiruke.
- Ziwe na beseni lake. Zisichanganywe na nguo za watoto, nepi wala mashuka, na beseni hilo lisitumike kwa vyombo.
- Mama mjamzito, anayenyonyesha, na watoto wasizifue. Baba aliyezivaa anaweza kuzifua mwenyewe, kwa glavu za mpira.
- Msitumie maji ya moto wala pasi. Joto huongeza mvuke wa zebaki.
- Maji ya kufulia yasimwagwe karibu na kisima, mto au bustani ya mboga.
- Kitambaa cha kukamulia zebaki, na nguo iliyomwagikiwa zebaki, visiletwe nyumbani kabisa. Hizo hazisafishwi kwa sabuni. Zifungwe kwenye chombo chenye mfuniko na zisivaliwe tena.

Kufua vizuri kunapunguza madhara, lakini hakutoshi. Zebaki ikichomwa jikoni, hakuna beseni litakaloiokoa familia. Ichomwe mbali na nyumba, kwa retoti inayonasa mvuke. Mtu akiona mikono inatetemeka, anasahau ovyo au hapati usingizi, aende kituo cha afya na amweleze mganga kazi anayofanya.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Nguo za mwaloni katika nyumba yako hulala wapi usiku?
2. Nani huzifua, na maji humwagwa wapi?
3. Je, mwalo wenu unaweza kutenga kibanda cha kubadilishia nguo? Nani azungumze na mwenye mwalo, na lini?

Swali la tatu lisiishie kwenye mazungumzo. Andikeni jina na tarehe kwenye daftari la kikundi, na katika kikao kijacho muulizane limefikia wapi.