Mapigo 150, ukilala 150

SWALI: Mimi ni mama wa miaka 31. Nikiwa na miaka sita nilipasuliwa moyo kuziba tundu kati ya vyumba viwili vya juu. Siku hizi moyo huanza kwenda mbio ghafla, kipimo kinaonyesha mapigo 150 kwa dakika, muda wa saa nzima, hata nikiwa nimelala. Nimeambiwa ni wasiwasi. Ni kweli?

JIBU: Sidhani. Moyo wa mtu mwenye wasiwasi hupanda na kushuka: ukijilaza hutulia, ukiinuka huongeza. Wako umeng'ang'ania namba moja, na kwa mtu aliyewahi kufunguliwa moyo, namba hiyo hunifanya nifikirie flata ya atria, yaani umeme kuzunguka mbio katika chumba cha juu cha moyo, kabla ya kitu kingine.

Upasuaji ule uliacha kovu kwenye ukuta wa chumba cha juu cha kulia. Umeme wa moyo haupiti kwenye kovu, hivyo huweza kulizunguka bila kukoma, kama maji yanavyozunguka jiwe mtoni. Wakati mwingine huzunguka valvu ya upande huohuo. Chumba cha juu hupiga takriban mara 300 kwa dakika, cha chini kikapokea pigo moja katika kila mawili. Ndiyo 150 yako. Ninachokiogopa zaidi ni mzunguko wa polepole, kwa mfano 200, ambao waliopasuliwa huupata mara nyingi. Hapo kila pigo laweza kushuka chini, na mtu akazirai.

Kipimo ni ECG kamili, yaani mchoro wa umeme wa moyo, ipigwe moyo ukiwa mbioni. Mawimbi ya flata hujificha, hata karatasi ikaonekana ya kawaida. Daktari anaweza kukuchoma dawa ya adenosini, ikapunguza mapigo kwa sekunde chache na mawimbi yakajitokeza. Nenda na ripoti ya upasuaji na ECG za zamani. Mahali kovu lilipo ni habari muhimu mno.

Damu huweza kuganda katika chumba cha juu na kuleta kiharusi, kwa hiyo dawa za kuzuia kuganda hujadiliwa mapema. Tiba ninayoipendelea ni kuunguza njia ya umeme: waya mwembamba hupitishwa kwenye mshipa wa paja, mzunguko huchorwa ramani, kisha joto hukata njia kutoka kovu hadi mshipa mkubwa au valvu. Wengi hupona, ingawa njia nyingine yaweza kuzuka baadaye. Omba rufaa kwa bingwa wa umeme wa moyo anayejua mioyo iliyopasuliwa utotoni. Kwa Dar es Salaam, anzia Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete.

Mapigo yakipanda tena, nenda hospitali yenye ECG saa hiyohiyo. Ukihisi kuzirai, kifua kuuma au pumzi kubana, usiende peke yako.