GARI LA SAFARI LA KUUNGANISHA: USIKATE SHITI NZIMA KABLA YA KUKATA KIPANDE CHA MAJARIBIO

Somo la leo ni la mafundi wa chuma wa Karatu, Mto wa Mbu na popote yanapopita magari ya watalii. Kama una mashine ya plasma na unaitumia kukata milango na mageti tu, kuna hela nyingine umeiacha barabarani.

Magari yanayoenda geti la Lodoare kuingia Ngorongoro yanapita Karatu, na wageni wengi wanalala hapa. Madukani wanakuta vinyago, shuka na michoro ya Tingatinga. Lakini mgeni amekaa siku tatu nne kwenye gari lile lile la kufungua paa, ndani yake ndiyo kaona simba na faru. Hilo gari ni kumbukumbu yake. Mtengenezee dogo la chuma, lililokatwa vipande bapa ndani ya bahasha ngumu, akaliunganishe mwenyewe mezani kwake. Halina welding wala nati. Ulimi unaingia kwenye tundu, basi.

Hapo kwenye ulimi na tundu ndipo biashara inasimama au inaanguka. Mgeni hana tupa wala nyundo. Akifika kwao ulimi ukagoma kuingia, au ukaingia halafu gari likacheza kama kiti kibovu, umemuuzia chuma chakavu. Unachouza hapa ni vipande kukaa sawasawa. Twende hatua kwa hatua.

1. CHAGUA CHUMA SAHIHI

Tumia shiti nyeusi ya mm 1.5. Nyembamba sana inajikunja kwa moto, nene sana inakuwa mzigo begini. Shiti ya futi 4 kwa 8 ya unene huo ina uzito wa kilo 35 hivi.

Usitumie mabati ya kuezekea. Yana zinki, na moshi wa zinki ukiuvuta unaweza kukuletea homa na kifua kubana usiku huo huo.

2. JUA MOTO UNAKULA KIASI GANI

Plasma ni umeme unaopita kwenye hewa yenye mgandamizo mpaka hewa inakuwa moto mkali mno. Moto unayeyusha chuma, hewa inakipuliza chini. Kwa hiyo kila mstari unaokata unakula chuma. Kwa mashine ndogo na shiti ya mm 1.5, mara nyingi unakula kama mm 1 mpaka 1.5. Nozeli ikichakaa, unakula zaidi.

Usikisie. Kata mstari mmoja, uache upoe, ondoa uchafu wa chuma ulioganda chini, kisha pima kwa venia. Hiyo namba iandike ukutani, na uipime upya kila unapobadilisha nozeli.

Halafu angalia kompresa. Hewa ikiwa na maji, mkato unakuwa na meno na nozeli zinaisha haraka. Kipindi cha mvua na ukungu, mwaga maji ya tangi na ya chujio kila asubuhi kabla ya kuwasha.

3. KATA KIPANDE CHA MAJARIBIO

Hili ndilo somo lenyewe. Chukua kipande cha shiti hiyo hiyo.

Kama unakatiwa na mashine inayoendeshwa na kompyuta, omba matundu matano: mm 1.5, 1.7, 1.9, 2.1 na 2.3. Kata na ulimi mmoja. Jaribu kila tundu kwa vidole. Linalokubali ulimi kwa kusukuma kidogo, na ukigeuza juu chini ulimi haudondoki, hilo ndilo lako.

Kama unakata kwa mkono, tumia pateni ya chuma kuongoza mdomo wa mashine. Kumbuka moto unatoka katikati ya mdomo, kwa hiyo pateni ikae pembeni ya mstari kwa nusu ya upana wa mdomo. Tundu likate kwa njia moja tu, kisha malizia kwa tupa bapa nyembamba.

Sasa jambo linalosahaulika: RANGI INA UNENE. Ulimi una pande mbili, tundu lina pande mbili, jumla tabaka nne. Kila tabaka likiwa na mm 0.05, tayari umeziba mm 0.2. Tundu lililokubali likiwa tupu litagoma baada ya rangi. Kwa hiyo paka kipande cha majaribio praima na rangi utakayotumia, kiache kikauke, ndipo uamue kipimo.

4. KATA KWA MPANGILIO

- Anza na matundu na madirisha, mzunguko wa nje uwe wa mwisho. Ukianza nje, kipande kinacheza na matundu yanahama.
- Moto unapotoboa mara ya kwanza unaacha shimo pana kuliko mkato. Toboa upande wa chuma cha kutupa, kisha ingia kwenye mstari.
- Usikate vipande vinavyopakana mfululizo. Rukaruka ili shiti isijikunje kwa joto.
- Ukiandika jina, acha vidaraja kwenye herufi. Neno NGORONGORO lina O nne na R mbili. Ukikata O mzunguko mzima, katikati inadondoka na unabaki na mashimo. Herufi za chini ya sentimita 2 hazisomeki vizuri kwa plasma.
- Usiweke nembo ya kampuni ya magari, ina mwenyewe. Paa lililofunguka na tairi la akiba nyuma vinatosha, mgeni atalitambua gari lake.

Halafu piga grenda na msasa kila ukingo mpaka upitishe kidole bila kuchanika. Anayenunua anaweza kumpa mtoto.

5. PIGA HESABU KABLA YA KUPANGA BEI

Gari la urefu wa sentimita 20 vipande vyake vinaenea kwenye eneo la sentimita 40 kwa 30. Shiti moja inatoa maeneo 24 ya hivyo. Gari moja linakuwa na uzito wa karibu kilo moja.

Namba zifuatazo ni za mfano, wewe weka bei za duka lako:

Chuma: 4,200
Umeme, nozeli na elektrodi: 2,500
Kukata na kusaga: 6,000
Rangi na kupaka: 2,000
Bahasha na karatasi ya maelekezo: 1,500
JUMLA: 16,200

Tuseme duka la zawadi linachukua asilimia 30. Ukiuza 25,000, duka linabaki na 7,500, wewe unapata 17,500. Faida ni 1,300. Unaona kama uko salama, sio?

Sasa tuseme hukufanya majaribio na magari 4 kati ya 24 yameharibika kabla ya rangi. Kila moja limekula chuma, umeme na kazi, yaani 12,700. Mara 4 ni 50,800. Magari 20 mazima yamekupa faida ya 26,000. Umefanya kazi shiti nzima ukaishia HASARA ya 24,800. Na watu wanakuona una kazi nyingi!

Kwa bei ya 40,000, baada ya duka unapata 28,000 na faida ni 11,800 kwa gari. Hapo hata mengine yakiharibika unapumua. Kwa hiyo usishindane kwa bei ya chini. Shindana kwa gari linalounganishika.

Na kazi yako ihesabu. Wengi tunaandika chuma na umeme, jasho tunaliacha bure. Siku ukiajiri kijana wa kukusaidia ndio utagundua bei yako haina mshahara ndani yake.

6. UUZE WAPI, LINI

Weka gari moja lililounganishwa kaunta, mengine yawe kwenye bahasha. Ruhusu mgeni aligeuze mkononi. Maelekezo yawe michoro yenye namba, kwa sababu Mjerumani na Mchina wote wanasoma picha. Mwambie aliweke kwenye begi kubwa la kupakia chini ya ndege, asiende nalo mkononi akazuiliwa ukaguzini.

Wageni wanajaa Juni mpaka Oktoba, na tena kuanzia Desemba. Aprili na Mei mvua ni nyingi na wageni wachache, hiyo ndiyo miezi ya kukata na kujaza stoo. Ukisubiri Julai uanze majaribio, umechelewa.

Leseni ya biashara na TIN viwe sawa. Na usiende kutembeza bidhaa getini au ndani ya hifadhi bila kuuliza utaratibu kwa mamlaka.

7. USALAMA

Vaa miwani ya kioo cheusi ya kukatia, sio ya jua. Vaa glovu za ngozi na viatu vilivyofunika. Ondoa rangi, thina na matambara karibu na cheche. Usiguse nozeli kabla ya kuzima mashine, umeme wake ni mkali kuliko wa nyumbani.

KAZI YA WIKI HII: usinunue shiti. Tafuta kipande chakavu cha mm 1.5, kata matundu na ulimi, paka rangi, jaribu. Kisha mpe mtu ambaye sio fundi, mama lishe au bodaboda wa jirani, aunganishe bila wewe kusema neno. Akiweza, nenda kanunue shiti.

Mtumie fundi mwenzako somo hili. Kazi njema.