Kitu Kilichoazimwa Kisiporudi: Jinsi ya Kukidai katika Mahakama ya Madai Madogo

Ni malalamiko yanayojulikana katika kila afisi ya chifu. Mkazi alimwazima rafiki yake pampu ya maji, au mashine ya kuchomelea, au viti na tenti ya hafla. Makubaliano yalikuwa wiki mbili. Sasa ni miezi minane. Akipiga simu anaambiwa "kesho", na siku hizi simu yenyewe haishikwi.

Chifu anaweza kuwaita wawili hao wakae chini wazungumze, na mara nyingi hilo hutosha. Lakini chifu hana mamlaka ya kuamuru mali itwaliwe, wala msimamizi wa wadi hana. Serikali ya kaunti nayo haina mahakama ya kuamua ugomvi wa aina hii. Polisi, wakisikia kwamba mwenye mali alitoa kitu chake kwa hiari, humwelekeza akafungue kesi ya madai, ingawa aliyeazima akiuza kitu kisicho chake anaweza kujikuta pia akijibu mashtaka ya jinai. Mahali penyewe pa kwenda ni Mahakama ya Madai Madogo, iliyo chini ya Idara ya Mahakama.

Mahakama hii iliundwa na Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya mwaka 2016, na ya kwanza ilifunguliwa Milimani, Nairobi, mwezi Aprili 2021 kabla ya nyingine kufunguliwa katika maeneo mengine ya nchi. Hapo mwanzo sheria iliweka kikomo cha madai kuwa Sh200,000. Marekebisho ya mwaka 2020 yalikipandisha hadi Sh1,000,000. Kifungu cha 12 kinataja waziwazi madai ya kukabidhiwa au kurejeshewa mali inayohamishika, na fidia ya mali iliyopotezwa au kuharibiwa. Kwa hiyo pampu inaingia, pikipiki inaingia, ng'ombe anaingia, cherehani inaingia. Ardhi haiingii. Aliyemwachia rafiki kipande cha shamba alime msimu mmoja, na rafiki akakataa kuondoka, hawezi kuleta kesi hiyo hapa, hata kama shamba lenyewe ni dogo kiasi gani.

Kesi huanza siku ya kudai

Hapa ndipo wengi hukosea, nao hukosea kabla hata ya kufika mahakamani. Kukaa na kitu alichoazimwa mtu si kosa, kwa sababu mwenyewe alikitoa. Kosa huanza pale mwenye mali anapokidai waziwazi na aliyekichukua akakataa au akakaa kimya. Mwenye mali ambaye kwa miezi minane amekuwa akisema "utaniletea ukipata nafasi" hajadai kitu. Mbele ya mwamuzi, rafiki anaweza kusema kwa utulivu, "Hajawahi kuniambia anaitaka," na ikawa vigumu kumpinga.

Dawa yake ni barua, au ujumbe wa simu unaoweza kuonyeshwa baadaye. Si lazima iandikwe na wakili, na haifai kuwa na matusi. Inatosha kutaja kitu chenyewe, siku kilipochukuliwa, makubaliano yalikuwaje, siku ya mwisho ya kukirudisha, na hatua itakayofuata. Kwa mfano:

"Tarehe 3 Machi nilikuazima pampu yangu ya maji ya petroli, pamoja na mita 30 za paipu, ili unyunyizie nyanya zako kwa wiki mbili. Mpaka leo sijaipata. Naomba uirudishe nyumbani kwangu kufikia Ijumaa tarehe 20 Juni, ikiwa katika hali uliyoichukua. Ikiwa imeharibika au haipo tena, naomba unilipe Sh24,000, ambayo ndiyo thamani yake kwa sasa. Nisipoipata kufikia siku hiyo nitapeleka madai katika Mahakama ya Madai Madogo."

Barua ikipelekwa kwa mkono, ni vyema apelekaye awe na mtu mwingine, na nakala itiwe sahihi na aliyeipokea. Akikataa kutia sahihi, shahidi aandike tarehe na saa ilipoachwa. Wiki mbili ni muda wa haki wa kumpa mtu arudishe kitu kilicho karibu. Na barua hii ina faida ya pili: kuna marafiki ambao huleta kitu siku hiyo hiyo wakishaona neno "mahakama" kwenye karatasi, na urafiki ukaendelea.

Muda nao una mwisho. Sheria ya Mipaka ya Muda wa Kushtaki, Sura ya 22, inatoa miaka 6 kwa madai ya mkataba na miaka 3 kwa madai ya madhara, ambamo kuzuilia mali ya mwenzako kumo. Kwa kuwa aliyeazima anaweza kubishana kwamba dai ni la aina hii wala si ile, ni salama zaidi kuhesabu miaka 3.

Hakukuwa na maandishi, tulikuwa marafiki

Karibu kila anayeazima rafiki kitu husema hivi, na si kikwazo. Makubaliano ya mdomo ni makubaliano. Mahakama hii haibanwi na kanuni kali za ushahidi zinazotumika katika mahakama nyingine, na mwamuzi anaweza kusikiza na kupima vitu vingi ambavyo mtu wa kawaida anavyo tayari. Risiti ya duka la vifaa, au ujumbe wa M-Pesa uliotumiwa kulipia pampu, huonyesha ni ya nani. Picha ya zamani shambani ambamo pampu inaonekana husaidia. Ujumbe wa WhatsApp ambamo rafiki aliandika "pole nitaleta Jumamosi" una uzito mkubwa kuliko vyote, kwa kuwa mtu haahidi kurudisha kitu alichopewa kabisa. Jumbe hizo zichapishwe, lakini zisifutwe kwenye simu.

Shahidi bora si yule anayemjua mwenye mali vizuri, bali aliyekuwepo: jirani aliyesaidia kupakia pampu kwenye bodaboda, au mwanachama wa chama aliyesikia ikiombwa.

Swali la "nilipewa" halina budi kutarajiwa. Hivyo ndivyo wengi hujitetea, hasa pale ambapo wawili hao wamekuwa wakipeana vitu kwa miaka. Utetezi mwingine ni wa gharama: rafiki husema pampu iliharibika akaitengeneza kwa Sh6,000 na hataitoa mpaka alipwe. Sheria inamruhusu kuleta dai lake la kukabili katika kesi hiyo hiyo, na mwamuzi akaona nani anamdai nani na kiasi gani. Ikiwa kweli alitengeneza, na ana risiti ya fundi, mwenye mali ajue mapema kwamba huenda akatakiwa kukubali kiasi hicho kikatwe. Kukubali jambo la kweli hakumpunguzii mtu kesi yake. Humfanya aaminike kwa yale mengine.

Thamani nayo ihesabiwe kwa haki. Pampu iliyonunuliwa Sh38,000 miaka mitatu iliyopita si ya Sh38,000 leo. Kinachodaiwa ni thamani ya kitu kikiwa kimetumika, na njia rahisi ya kuipata ni kuuliza mafundi wawili au wauzaji wawili wa mitumba ya mashine sokoni, kisha kuwaomba waandike bei kwenye karatasi na kutia sahihi. Anayezidisha bei humpa mwenzake jambo la kumvunjia ushahidi wote.

Kufungua dai

Dai hufunguliwa katika mahakama inayohudumia eneo ambako aliyeazima anaishi au ambako makubaliano yalifanyika. Pale ambapo Mahakama ya Madai Madogo haijafika, kesi kama hii husikizwa na mahakama ya hakimu. Afisa wa masjala katika mahakama yoyote ataeleza ni ipi iliyo karibu.

Fomu ya taarifa ya dai ni fupi. Inataka majina ya pande mbili, mahali wanapopatikana, kilichotokea na kinachoombwa. Katika sehemu ya kinachoombwa, mdai aombe mambo mawili kwa mpangilio: kwanza kitu chenyewe kirudishwe, na kisipopatikana alipwe thamani yake. Anayeomba kitu peke yake anaweza kushinda kesi na kuambulia hukumu ya pampu iliyokwisha kuuzwa kama chuma chakavu. Thamani lazima iandikwe vilevile ili ionekane haizidi Sh1,000,000.

Kesi huwasilishwa kupitia mfumo wa mtandaoni wa Idara ya Mahakama, efiling.court.go.ke, na ada hutegemea dai lenyewe. Asiyekuwa na kompyuta anaweza kwenda saiba, lakini aingie na akaunti yake mwenyewe na nambari yake ya simu. Mtu akifunguliwa dai kwa akaunti ya mwenye saiba, taarifa za kesi zitakwenda huko, na siku ya kusikizwa itapita yeye yuko shambani.

Baada ya hapo mdaiwa lazima apelekewe hati. Kazi hii ni ya mdai kuhakikisha imefanyika, na kesi nyingi hukwama hapo. Mpelekaji hati aliyeidhinishwa na mahakama ataifanya kwa malipo na kuandika hati ya kiapo kuonyesha siku, saa na mahali alipomkuta mdaiwa. Bila uthibitisho huo mwamuzi hawezi kuendelea mdaiwa asipofika. Ukiwepo, mdaiwa akinyamaza au asipotokea, hukumu inaweza kutolewa bila yeye.

Siku 60

Kifungu cha 34 kinataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60 tangu ifunguliwe, isikizwe siku moja au siku mfululizo, na hukumu itolewe ndani ya siku 3 baada ya kusikizwa. Kuahirisha hakuruhusiwi ila kwa sababu nzito isiyotarajiwa. Kwa mdai, kasi hii ina pande mbili. Hatazungushwa miaka, lakini pia hatapewa muda wa kutafuta risiti baada ya kufungua. Kila karatasi na kila shahidi awe tayari kabla ya fomu kujazwa.

Mwamuzi ni wakili wa Mahakama Kuu mwenye uzoefu wa miaka isiyopungua 3, ila mdai si lazima awe na wakili wake. Anaweza kusimama mwenyewe na kueleza kwa Kiswahili. Aeleze kwa mpangilio wa siku: kilivyoombwa, kilivyochukuliwa, kilivyodaiwa, alichojibiwa. Hadithi ya mkopo wa chama wa mwaka juzi na maneno yaliyosemwa harusini haihusu pampu, na mwamuzi atamkatiza.

Pande zote zikikubali, mwamuzi anaweza pia kuwaacha wasuluhishe. Wakipatana, patano liandikwe na kuwekwa kwenye faili ya mahakama liwe amri, likieleza siku ya kurudisha na nini kitafuata siku hiyo ikipita. Mdai anayeondoa kesi kwa ahadi ya mdomo pale nje ya mlango anarudi alipokuwa mwezi Machi.

Wakati kesi inaendelea kuna mambo mawili ya kuepuka. La kwanza ni kwenda usiku kujichukulia kitu. Mwenye mali anaweza kugeuka mshtakiwa wa kuvunja nyumba kwa ajili ya kitu kilicho chake. La pili ni kumwandika rafiki "mwizi" kwenye kundi la WhatsApp la kijiji. Kesi ya kuchafuliana jina haisikizwi katika Mahakama ya Madai Madogo. Huenda katika mahakama nyingine, ambako gharama na miaka havina kikomo cha siku 60.

Hukumu ikishatolewa

Asiyeridhika anaweza kukata rufaa Mahakama Kuu, lakini kwa hoja za sheria pekee, kama kifungu cha 38 kinavyosema. Hakuna kurudia upya ubishi wa nani alisema nini.

Mshindi naye asidhani kwamba mahakama itamletea pampu mlangoni. Amri isipotiiwa, ni yeye anayerudi masjala kuomba hati ya kuitekeleza. Ikiwa kitu kipo, kinaweza kutwaliwa na kukabidhiwa mwenyewe. Ikiwa hakipo, dalali wa mahakama anaweza kutwaa mali nyingine ya mdaiwa ili thamani ilipwe, na gharama ya dalali huongezeka juu ya deni. Mdaiwa asiye na uwezo anaweza kuomba alipe kidogo kidogo. Kabla ya kukubali, mdai aangalie hesabu: Sh24,000 kwa awamu za Sh4,000 kila mwezi zinakwisha kwa miezi 6, na huenda zikafika mapema kuliko mnada wa kuku na meza.

Na siku kitu kinaporudi, kiwashwe na kukaguliwa hapo hapo mbele ya shahidi kabla ya karatasi ya makabidhiano kutiwa sahihi. Injini iliyorudi bila kabureta haijarudi yote, na upungufu huo unapaswa kuandikwa kwenye karatasi hiyo hiyo, pamoja na tarehe.