Picha za Mashine Pepe na Nafasi ya Diski

Muhula uliopita, siku nne kabla ya kukabidhi kazi yetu ya somo la kompyuta, mashine tuliyokuwa tukiitumia ilisimama ghafula. Ilitupa taarifa kwamba diski imejaa na haiwezi kuendelea mpaka nafasi ipatikane. Mimi nikafungua folda yake, nikaona faili kubwa lenye jina refu lisilosomeka, nikalifuta. Nafasi ilipatikana kweli, lakini mashine haikuwaka tena, na kazi ya wiki sita ya wanafunzi watano ikapotea. Kilichosalia ni nakala ya wiki tatu nyuma, ambayo mwenzetu mmoja alikuwa ameiweka katika flashi yake. Kosa lile halikutokana na uvivu bali na kutojua, na kwa sababu hiyo nimeandika somo hili, ili mwanafunzi mwingine asilirudie.

1. Mashine pepe ni nini?

Mashine pepe ni kompyuta isiyo na mwili wake yenyewe. Hukaa ndani ya kompyuta ya kweli kwa msaada wa programu, nayo ina kumbukumbu yake, diski yake na mfumo wake wa uendeshaji. Hivyo katika kompyuta yenye Windows twaweza kuwasha mashine pepe yenye Linux, tukajifunza humo bila kuharibu kitu. Sisi tulitumia programu iitwayo VirtualBox, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2007, ambayo hupatikana bila malipo.

Kompyuta ya kweli tutaiita mwenyeji, na mashine pepe tutaiita mgeni. Kumbuka kwamba diski ya mgeni ni faili tu ndani ya diski ya mwenyeji. Mgeni akijaza vitu vyake, nafasi inayopungua ni ya mwenyeji.

2. Picha hufanyaje kazi?

Programu hizi hutuwezesha kupiga picha ya hali ya mgeni, ambayo mafundi huiita snapshoti. Tukiharibu kitu baadaye, twaweza kurudi katika hali ile ya zamani. Wengi hudhani kwamba kupiga picha ni kunakili diski nzima. Sivyo.

Chukua mfano wa mfanyabiashara wa mchele hapa Mwanjelwa mwenye daftari la madeni. Siku moja anapiga mstari na kusema, "Daftari hili lisiandikwe tena." Anafungua daftari la pili, na humo anaandika mabadiliko tu: nani amelipa na nani amekopa tena. Akitaka kujua deni la mteja, hutazama kwanza daftari la pili. Asipoliona jina, hulitafuta katika la kwanza. Akipiga mstari tena, hufungua la tatu.

Ndivyo ifanyavyo mashine pepe. Ukipiga picha, faili la zamani hufungwa lisiandikwe tena, na faili jipya hufunguliwa la kupokea mabadiliko. Mafaili haya hutegemeana kama mnyororo. Ukichana daftari la kati, lililobaki juu yake halina maana. Faili nililolifuta mimi lilikuwa la kati.

3. Hesabu

Tuseme diski ya mwenyeji ina gigabaiti 250, na 90 zimekwisha tumika. Zimebaki 160. Tunamwekea mgeni diski isiyozidi gigabaiti 50, na mpaka sasa faili lake lina 18 tu. Je, tuna wasiwasi gani? Nafasi yaonekana kuwa tele.

Sasa tupige picha tatu kwa nyakati mbalimbali. Faili la kwanza limefungwa likiwa na 18. Lakini kila faili la mabadiliko laweza kukua mpaka kufikia ukubwa kamili wa diski ya mgeni, yaani 50. Mara tatu ni 150. Jumla ni 168. Tena, ikiwa picha zilipigwa mgeni akiwa amewashwa, kumbukumbu yake nayo huhifadhiwa. Ikiwa ni gigabaiti 4 kila mara, twaongeza 12. Jumla yaweza kufika 180, na nafasi tuliyo nayo ni 160. Mgeni aliyeahidiwa 50 aweza kudai 180, wala yeye mwenyewe hana habari.

Si lazima ifike hapo, lakini yaweza kufika. Sisi tulikuwa na picha saba na hatukuondoa hata moja.

4. Mambo yanayowapotosha wanafunzi

La kwanza, picha mpya haionekani kula nafasi. Kama imepigwa mgeni akiwa amezimwa, faili lake huwa dogo sana siku hiyo, kisha hukua kadiri tunavyofanya kazi. Gharama huja baadaye, wakati tumekwisha sahau.

La pili, kufuta vitu ndani ya mgeni hakurudishi nafasi kwa mwenyeji. Kufuta nako ni badiliko, na huandikwa katika daftari jipya. Vile vya zamani vingali katika daftari la kwanza.

La tatu, na hili ndilo kubwa, wanafunzi huogopa kuondoa picha wakidhani watapoteza kazi ya leo. Hapana. Kurudi kwenye picha na kuondoa picha ni mambo mawili tofauti. Ukirudi kwenye picha, yote uliyofanya tangu ulipoipiga hutupwa, isipokuwa umepiga picha nyingine kwanza. Ukiondoa picha, programu huunganisha yaliyomo katika madaftari mawili yakawa moja, na kazi ya leo hubaki salama. Unachopoteza ni njia ya kurudi nyuma tu.

Lakini angalia: kuunganisha madaftari kwahitaji meza yenye nafasi. Kwa muda mfupi nafasi zaidi huhitajika kuliko iliyotumika kabla. Kwa hiyo asiyeondoa picha mpaka diski ijae kabisa aweza kushindwa kuziondoa.

5. Kanuni za kufuata

(a) Kabla ya kupiga picha, tazama nafasi iliyobaki kwa mwenyeji. Ikiwa ni pungufu ya ukubwa kamili wa diski ya mgeni, ondoa picha ya zamani kwanza.

(b) Mzime mgeni kabla ya kupiga picha, ili kumbukumbu isihifadhiwe bila haja.

(c) Andika jina, tarehe na sababu ya picha, mathalani "Kabla ya kuweka hifadhidata, 12 Mei". Picha isiyo na sababu haina mtu wa kuiondoa.

(d) Usiiweke muda mrefu. Kampuni ya VMware, iliyo kongwe katika kazi hii, huwashauri watumiaji wake wasiiweke picha moja zaidi ya saa 72, na mnyororo usizidi picha mbili au tatu, ingawa programu yao huruhusu mpaka 32.

(e) Ondoa picha kwa amri ya programu yenyewe, moja baada ya moja, mgeni akiwa amezimwa. Usiikatize kazi hiyo hata ikichelewa. Kamwe usifute faili kwa mkono ndani ya folda ya mgeni.

(f) Diski ikiwa imekwisha jaa, futa kwanza vitu vingine vya mwenyeji, kama vile filamu na mafaili yaliyopakuliwa. Kama havitoshi, iagize programu itengeneze nakala kamili ya hali ya sasa katika diski ya nje. Nakala hiyo haitakuwa na picha za zamani. Ijaribu, ikiwaka vizuri, ndipo uondoe mashine ya kwanza.

6. Picha si nakala ya akiba

Soko la Mwanjelwa liliteketea kwa moto mwaka 2006. Mfanyabiashara mwenye madaftari matatu katika duka moja hana akiba ya daftari. Moto ukiingia, yote huungua pamoja. Picha nazo hukaa katika diski ileile ya mwenyeji, na kila moja huitegemea ya kwanza. Diski ikifa, zote hufa. Kilichotuokoa sisi, japo nusu, ni flashi iliyokuwa mfukoni mwa mwenzetu. Basi kila Ijumaa nakili kazi yako mahali pengine, hata kama una picha kumi.

Maswali ya kujipima

1. Eleza tofauti kati ya kurudi kwenye picha na kuondoa picha.
2. Mgeni ana diski isiyozidi gigabaiti 40, na faili lake la kwanza lina 15. Zimepigwa picha mbili akiwa amezimwa. Mafaili yake yaweza kufika gigabaiti ngapi kwa jumla?
3. Kwa nini haifai kungoja diski ijae ndipo uondoe picha?