Si Jino Tu! Somo Fupi la Jeni na Saratani

Mtoto akivimba taya huku kwetu, wengi husema, “Ah, ni jino tu.” Jirani naye hunong'ona eti karogwa. Siku zinapita, kumbe kuna saratani inayoongezeka maradufu kwa siku moja au mbili!

Saratani hiyo ilielezwa mwaka 1958 na Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari yapata kilomita 16,000, wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine. Waligundua kuwa imeenea penye joto na malaria, na ni haba kwenye milima yenye baridi. Kisii na Nyamira ziko juu, lakini Ziwa Victoria si mbali, na watu husafiri. Tusibweteke.

Sasa basi, jeni zinaingiaje hapa? Fikiria maktaba yetu. Vitabu ni vilevile, lakini kila darasa huazima vyake. Vivyo hivyo, karibu kila seli ya mwili ina jeni zilezile, ila seli ya ngozi husoma hizi na ya misuli husoma zile. Jeni ikisomwa, seli hutoa nakala ziitwazo RNA. Wataalamu huzihesabu, wakajua jeni ipi inafanya kazi na ipi imelala. Katika saratani ya Burkitt, jeni iitwayo MYC haipumziki, nayo huihimiza seli igawanyike ovyo.

Mwaka 2006 watafiti walitangaza matokeo ya kupima hivyo uvimbe wa wagonjwa 303 wenye saratani kali za tezi za limfu. Baadhi walikuwa wamepewa jina lingine la ugonjwa, lakini jeni zikaonyesha ni Burkitt! Miongoni mwa wagonjwa wa Burkitt, waliotibiwa kwa dawa kali walipona au kuishi zaidi kuliko waliopewa dawa za kiwango cha chini.

Funzo ni hili: jina la ugonjwa likikosewa, dawa nayo hukosewa. Hata hivyo, jeni si ramli. Zinakadiria hali ya kundi la wagonjwa. Hazimpangii mtu siku ya kufa.

Hata pasipo na mashine hizo, hatua ya kwanza ni yetu: mtoto apelekwe hospitalini mapema, uvimbe upimwe. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Zoezi
1. Kwa nini seli zenye jeni zilezile hufanya kazi tofauti?
2. Utamwambia nini jirani asemaye “ni jino tu”?