Kununua Land Rover 109 ya Zamani: Soma Chasisi Kwanza

Huku kwetu Maswa, Land Rover 109 bado ni gari la kazi. Utaikuta pembeni ya ghala la pamba, nyuma ya nyumba ya misheni, au siku ya gulio ikiingia Nyalikungu na magunia juu na watu ndani. Kwa hiyo anayetaka gari la zamani la kweli hana sababu ya kwenda kulitafuta Dar es Salaam. Kinachomsumbua ni kujua anachokitazama, maana nyingi ya zilizobaki zimeungwaungwa kutoka magari mawili au matatu, na dalali atakuambia zote ni orijino.

Tangu tamasha la Land Rover lililofanyika Arusha Oktoba 2024, naona wanaoulizia magari haya wameongezeka, na bei zinatajwa na watu ambao hawajawahi kulala chini ya gari. Mimi huwasindikiza ndugu na marafiki kwenda kukagua 109 na 110 hapa Maswa, Itilima na Bariadi. Ninachowaambia ni hiki: thamani ya gari hili imo kwenye chasisi na karatasi zake. Injini fundi atakubadilishia, giaboksi inapatikana, bodi inanyooshwa. Lakini chasisi iliyooza, au iliyogongwa namba isiyo yake, utabaki nayo uani.

Kwanza jua ni toleo gani. Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam, Aprili 1948. Series II ilitoka 1958, IIA 1961, na Series III ikaanza 1971 hadi 1985. Namba 109 ni inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Fupi yake ni 88. Series III ina grili ya plastiki, na saa za dashibodi ziko mbele ya dereva. Kwenye II na IIA saa ziko katikati na grili ni ya waya. Taa nazo zilikuwa zimebanana karibu na grili mpaka mwishoni mwa miaka ya 1960, ndipo zikahamia kwenye fenda. Mwaka 1983 ikaja One Ten, yaani 110, inayokalia koili badala ya springi za bapa, na jina Defender likaongezwa 1990.

Tatizo ni kwamba grili, fenda na dashibodi hufunguliwa kwa spana za kawaida. Nimeona IIA iliyovalishwa sura ya Series III, na Series III iliyovalishwa sura ya Defender. Ndiyo maana sura ya gari naitazama mwisho. Gia zinasema zaidi: kwenye II na IIA, gia ya kwanza na ya pili hazina sinkro, kwa hiyo kukwaruza ukiingiza kwa haraka ni tabia yake ya kuzaliwa. Series III ina sinkro kwenye gia zote nne za mbele. Ukiambiwa ni Series III na gia ya pili inakwaruza kila mara, ama giaboksi imechoka, ama imetoka kwenye gari lingine. Vyovyote iwavyo, bei ishuke.

Sasa tuje kwenye chasisi, na hapa usione haya kuchafuka. Beba brashi ya waya, mafuta ya taa, tochi, chaki, sumaku na nyundo ndogo. Kwenye Series, namba imegongwa upande wa kulia mbele, kwenye mkono wa chasisi unaoshika springi. Kwenye 110 iko upande huohuo, mbele ya gurudumu. Mara nyingi imefunikwa na grisi, tope na rangi nyeusi ya miaka mingi. Lainisha kwa mafuta ya taa, piga brashi polepole, kausha, kisha sugua chaki juu yake, tarakimu zitajitokeza. Kamwe usimruhusu mtu kuweka mashine ya kusaga pale, hata akisema anakusaidia, kwa sababu alama za mashine hiyo ndizo ushahidi unaoutafuta. Chuma kilichosuguliwa kikawa laini kuzunguka namba, tarakimu zisizo na mstari mmoja, au mshono wa kuchomelea unaouzunguka mkono ule wote, ni dalili kwamba namba imeletwa kutoka kwingine. Hapo funga mfuko wako, mshukuru mwenye gari, ondoka.

Namba yenyewe ina maana yake. Magari ya miaka ya 1980 na kuendelea yana herufi na tarakimu 17: zinazoanza na SALLB ni Series III, zinazoanza na SALLD ni 110 na fupi yake, 90. Kabla ya hapo ilikuwa tarakimu tupu, mara nyingi zikifuatiwa na herufi moja, na tarakimu tatu za mwanzo zinataja aina ya gari na soko lililokusudiwa. Namba za Series III za mfumo huo huanza na 9. Kwa hiyo kadi inayosema gari ni la 1965 huku chasisi ikianza na 9 inabishana na kiwanda, na wewe usiwe mwamuzi wa ubishi huo kwa pesa zako.

Ukishasoma namba, gonga. Chasisi ya Land Rover ni boksi la chuma, lina uwazi ndani. Udongo mweusi wa mbuga zetu huingia humo wakati wa mvua, ukakaa, ukashika maji, na kutu ikaanza kula kutoka ndani wakati nje rangi inang'aa. Pita na nyundo kwenye reli zote mbili, kwenye mikono inayoshika bodi pembeni, na zaidi kwenye boriti ya nyuma ambako trela la pamba limevutwa miaka nenda rudi. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti nzito, na pengine nyundo itazama. Vipande vilivyochomelewa juu ya vingine si kosa kama kazi ni safi na mwenye gari anakuonyesha mwenyewe. Vilivyofichwa kwa lami ni kosa.

Bodi ni ya aloi ya alumini. Hilo ndilo lililofanya magari haya yaishi, na linakupa kipimo rahisi kuliko vyote: sumaku hainati. Pitisha sumaku kwenye fenda, boneti na paneli za pembeni. Ikinata mahali, hapo pametengenezwa upya kwa bati la kawaida. Ukuta unaotenganisha injini na miguu ya dereva ni wa chuma, sumaku itanata na ni sawa, lakini tazama pembe zake za chini, maana hapo kutu huanza mapema.

Kwenye injini, nakuomba utulize moyo. Nyingi ya 109 zetu zilikuja na injini ya lita 2.25, ya petroli au ya dizeli, na namba yake imegongwa kwenye bloku upande wa kushoto mbele. Leo chini ya boneti utakuta Toyota, Isuzu au Nissan. Kama unataka gari la kubebea mbegu na mbolea kutoka mjini hadi Malampaka, injini ya Isuzu iliyofungwa vizuri itakufaa kuliko ile ya asili. Kama unanunua gari la kutunza, injini ya asili ni sehemu kubwa ya thamani. Jambo la kukataa ni kulipa bei ya asili kwa gari la mchanganyiko. Na kama injini si ile iliyoandikwa kwenye kadi, mabadiliko hayo yanatakiwa yawe yamesajiliwa; kama hayajasajiliwa, muuzaji asajili kwanza kwa jina lake.

Fika asubuhi, kabla gari halijawashwa, na uweke kiganja kwenye boneti. Likiwa la moto, kuna mtu amehangaika nalo. Moshi wa bluu unaoendelea ni oili inayoungua, mweusi ni dizeli nyingi kupita kiasi. Endesha, ingiza gia ya tatu, achia mafuta ghafla kwenye mteremko. Giaboksi iliyochoka itairusha gia nje. Kwenye Series jaribu kitufe cha njano na mkono mwekundu: cha njano kinaingiza magurudumu ya mbele, mwekundu unakupeleka kwenye gia za nguvu. Vikikataa, uliza kwa nini.

Kuna kipimo kingine ninachokipenda kwa sababu hakuna anayekumbuka kukighushi. Vifaa vya umeme vya Lucas, kama mota ya wipa na alteneta, vimegongwa tarehe ya kutengenezwa. Ukikuta viwili au vitatu vinakaribiana, na vinakaribiana na mwaka wa gari, ujue umepata gari ambalo halijachezewa sana. Kwa anayetaka uhakika zaidi, British Motor Museum iliyoko Gaydon, Uingereza, hutoa kwa malipo cheti kutoka kumbukumbu za viwanda, chenye tarehe ya kutengenezwa, rangi ya kwanza na mahali gari lilikopelekwa. Kwa gari la kazi ni gharama ya bure. Kwa gari unalolipa bei ya gari la kutunza, sioni namna ya kukikwepa cheti hicho.

Karatasi ndizo zinazowaumiza watu wengi, kuliko kutu. Usishangae kadi au barua za zamani kuandikwa Maswa, mkoa wa Shinyanga. Mkoa wetu wa sasa, Simiyu, ulianzishwa 2012. Tena karatasi ya namna hiyo ni dalili njema, inaonyesha gari limekaa hapa. Wala usikadirie umri wa gari kwa namba ya mbele, kwa sababu magari yaliyokuwa na namba za TZ yalihamishiwa kwenye mfumo wa T yakiwa tayari yamezeeka.

Uliza gari lilikuwa la nani kwanza. Kama lilikuwa la mradi wa wafadhili, lenye namba ya DFP, au la misheni, huenda liliingia nchini kwa msamaha wa kodi. Likiuzwa kwa mtu asiye na msamaha, kodi inadaiwa, na deni hilo halipotei kwa kuwa gari limezeeka. Kama ni la kanisa, anayesaini ni bodi ya wadhamini, si mchungaji peke yake. Kama ni la ushirika, omba muhtasari wa kikao kilichoidhinisha kuuza. Kama lilinunuliwa mnada wa serikali, nyaraka za mnada ziwepo. Kama lina namba ya Kenya, na 109 nyingi ziliunganishwa Thika, dai nyaraka za forodha kabla ya kuzungumza bei.

Na kama mwenye kadi ameshafariki, ambalo kwa magari ya umri huu ni jambo la kawaida, mtoto mkubwa hana mamlaka ya kuuza kwa sababu tu yeye ndiye mwenye funguo. Anayeuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Mzee mmoja wa hapa alituambia maneno niliyoyashika: "Ngosha, ukinunua gari la marehemu, waone watoto wote wamekaa." Nenda ukawaone, pamoja na barua ya mahakama.

Kisha peleka namba ya gari na ya chasisi ofisi ya TRA Bariadi, waoanishe na kumbukumbu zao. Tazama faini kwenye mfumo wa polisi wa usalama barabarani na madeni ya maegesho ya TARURA. Mkataba uandikwe mbele ya wakili, namba ya chasisi ikiwamo, nakala ya kitambulisho cha muuzaji ikiambatishwa, na malipo ya mwisho yafanyike uhamisho wa umiliki ukiwa umeanza.

Bei ninaipata hivi. Natafuta kwanza gari la toleo hilohilo lililo zima, linauzwa kiasi gani Mwanza au Arusha, kwa kuuliza mafundi na wamiliki, si madalali. Halafu fundi wangu anaandika kila kitakachohitajika, na bei ya kila kipuri inaulizwa dukani siku hiyohiyo. Natoa jumla hiyo, natoa pia gharama za uhamisho na za kulileta gari nyumbani. Kinachobaki ndicho kikomo changu, na ninakitaja mara moja. Chasisi ikihitaji kubadilishwa, kwangu gari hilo lina thamani ya vipuri tu.

Ombi langu kwa familia za Maswa, Meatu na Itilima zenye 109 ya mzee uani: msitupe kadi ya zamani, risiti za vipuri, wala barua za gereji, hata kama panya wameanza kuzila. Zipigeni picha leo na mzifungie kwenye bahasha. Siku mkiamua kuuza, bahasha hiyo itawaongezea pesa kuliko rangi mpya.