Muziki wa Bure Uwanjani

Mvua zimekwisha. Mahindi yamo ghalani na mpunga umepurwa. Huu ni wakati wa ngoma.

Fikiri kwamba ni Jumamosi jioni kijijini kwako. Vijana wamepanga spika uwanjani. Jenereta linanguruma. Muziki wa rege unaanza, na kishindo chake unakisikia mpaka kifuani. Watoto wanakimbia kwenda kuona. Wazee nao wanafika, kila mmoja na kigoda chake. Hakuna kiingilio. Ni bure.

Lakini nyumba ya tatu kutoka uwanjani kuna mama aliyejifungua juzi. Na ng'ambo ya barabara kuna msiba. Je, muziki huu utawaunganisha wanakijiji au utawagawa? Hebu tujifunze kwanza ulikotoka.

Muziki wa watu wasio na redio

Jamaika ni kisiwa kilicho ng'ambo ya bahari ya Atlantiki. Wengi wa watu wake ni wa asili ya Afrika. Mababu zao walichukuliwa huko utumwani.

Katika miaka ya 1950, wakazi wengi wa mji mkuu, Kingston, walikuwa maskini. Hawakuwa na redio. Hawakuweza kulipa bendi. Basi watu wachache wenye mtaji walinunua gramafoni, kikuza sauti na spika kubwa. Walipakia mitambo hiyo kwenye lori, wakaifunga uani au mtaani na kupiga santuri. Mmoja wao alikuwa Tom Wong. Wengine ni Duke Reid na Clement Dodd, aliyeitwa Coxsone. Mwenye mtambo alipata faida kwa kuuza vinywaji na kwa kiingilio. Aliyekosa senti alisimama nje ya ua, akasikiliza bila kulipa.

Mwanzoni walipiga santuri za Marekani. Baadaye santuri za aina waliyoipenda zikaadimika. Wenye mitambo wakaanza kurekodi waimbaji wa kwao. Kutokana na kazi hiyo ulikua muziki wa ska, na mwishoni mwa miaka ya 1960 ukazaliwa muziki wa rege. Mwaka 2018 shirika la UNESCO liliuingiza muziki wa rege wa Jamaika katika orodha ya urithi wa utamaduni wa binadamu.

Wajamaika waliohamia Uingereza walikwenda na mitambo yao. Huko London, kila mwisho wa Agosti, mitaa ya Notting Hill hujaa watu. Mitambo hufungwa mitaani, na watu husikiliza bila kiingilio.

Mashindano tunayoyajua

Wenye mitambo ya Kingston walishindana. Mitambo miwili ilipigwa mahali pamoja. Mshindi alikuwa yule aliyevuta watu.

Jambo hili si geni kwetu. Waulize ndugu zetu Wasukuma waliohamia Mpanda na mifugo yao. Watakueleza habari za Bagika na Bagalu. Hivi ni vyama viwili vya ngoma. Baada ya mavuno, kila upande hucheza kwenye uwanja ule ule, kwa wakati ule ule. Watazamaji huenda wanakovutiwa. Upande wenye watu wengi ndio ulioshinda. Watu wa Jamaika walishindana kwa spika, nasi tulishindana kwa ngoma. Wote tulishindana hadharani, na umma ndio mwamuzi.

Uwanja usio na kiingilio una faida nyingine. Mkoa wetu wa Katavi una Wabende, Wapimbwe, Wakonongo, Wasukuma na wengine wengi. Katumba na Mishamo wapo watu waliotoka Burundi kwa sababu ya mauaji ya mwaka 1972. Wengi wao walipewa vyeti vya uraia wa Tanzania mwaka 2014. Mahali pasipolipiwa, jirani maskini na jirani mgeni wote wanaweza kusimama pamoja.

Spika na masikio yako

Sauti ni mtikisiko wa hewa. Ndani ya spika kuna karatasi ngumu ambayo huenda mbele na nyuma kwa haraka, ikiisukuma hewa. Weka kiganja chako mbele ya spika kubwa. Utausikia upepo wake.

Ndani kabisa ya sikio kuna chembe zenye vinyweleo vidogo sana. Ndizo zinazopokea sauti. Sauti kubwa mno huziua, nazo hazioti tena. Aliyepoteza usikivu kwa njia hiyo hapati dawa ya kuurudisha.

Shika kanuni hii. Ikiwa inakubidi upige kelele ili mtu aliye hatua moja kutoka kwako akusikie, sauti hiyo ni hatari. Rudi nyuma. Usimweke mtoto mbele ya spika. Masikio yakilia baada ya ngoma, yamekuonya. Wahenga walisema: Ngoma ivumayo haidumu. Sikio nalo halidumu likipigwa kila siku.

Bure hulipiwa na nani?

Tuseme kukodi mitambo ni shilingi 60,000. Jenereta linakula petroli lita 1 kwa saa. Kwa saa 6, lita moja ikiuzwa shilingi 3,000, ni shilingi 18,000. Usafiri ni shilingi 12,000. Jumla ni shilingi 90,000. Bei hizi ni za mfano tu.

Kaya 60 zikichanga, kila kaya itatoa shilingi 1,500. Akitoa mtu mmoja zote, jiulizeni anataka nini. Kinachochangwa na wote husimamiwa na wote.

Kabla ya kupiga muziki, fanyeni haya:

1. Mwoneni Mtendaji wa Kijiji. Atawaeleza kibali kinachohitajika.
2. Pitieni nyumba zilizo karibu. Ulizeni kama kuna mgonjwa, mzazi au msiba. Kama kuna msiba, ahirisheni.
3. Elekezeni spika mbali na nyumba na zahanati.
4. Kubalianeni saa ya kuzima, nanyi mzime saa hiyo.

Kijana anayebisha hodi kwa jirani kabla ya kuwasha jenereta hatagombana naye usiku. Na jirani aliyeulizwa huenda akaja na kigoda chake.

Maneno mapya

Kikuza sauti: chombo kinachoongeza nguvu ya sauti.
Santuri: sahani nyeusi iliyorekodiwa muziki.
Kibali: ruhusa iliyoandikwa.

Maswali

1. Kwa nini watu wa Kingston walipenda muziki wa uani na mtaani?
2. Bagika na Bagalu wanafanana vipi na wenye mitambo wa Jamaika?
3. Kaya zikiwa 45, kila kaya itachanga shilingi ngapi?
4. Jadilianeni: kijijini kwenu muziki uzimwe saa ngapi? Kwa nini?

Zoezi

Andika barua fupi kwa Mtendaji wa Kijiji kuomba kibali. Taja siku, mahali, saa ya kuanza na saa ya kuzima. Msomee mwenzako.